Kakuma: sheria imefungua duka, barabara bado imefungwa

Wafanyabiashara wa Kitale, Eldoret na Lodwar wanaopeleka unga, sukari, maharagwe na mafuta ya kupikia katika soko la Kakuma walipata pigo katikati ya mwaka 2025. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa likiwapa wakimbizi fedha kila mwezi ili wajinunulie chakula, lilisitisha fedha hizo kwa kukosa ufadhili, na mgao wa chakula chenyewe ukashuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Mwezi Julai kukazuka maandamano kambini. Kuanzia Agosti msaada ukaanza kutolewa kwa madaraja, kwa kadiri ya uhitaji wa kila kaya, na kaya zilizohesabiwa kuwa zinajiweza zikaachwa nje.

Mengi yaliyosemwa wakati ule yalihusu njaa na usalama, na ilikuwa haki yasemwe. Lakini upo upande wa biashara ambao haukupata nafasi ya kutosha. Soko lenye wateja wapatao laki tatu haliyumbi kwa mwezi mmoja isipokuwa lilikuwa limesimama kwa mguu mmoja. Kakuma ilisimama juu ya msaada kwa sababu mteja wake, hata yule mwenye elimu, ufundi na akili ya biashara, hakuwa na njia rahisi ya kwenda kutafuta shilingi nyingine. Kilichomzuia ni karatasi, na karatasi hiyo hutolewa na ofisi zenye makao Nairobi.

Kwanza ukubwa wa soko lenyewe, maana wapo wanaodhani Kakuma ni mahema na foleni za mahindi tu. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kupokea waliokimbia vita vya Sudan, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani yake zaidi ya miaka ishirini baadaye. Wakazi wengi wanatoka Sudan Kusini, na wengine Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na Sudan. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, ilitoa uchunguzi uliolitazama eneo hilo kama mwekezaji anavyoutazama mji wowote. Ulikadiria kwamba soko la kambi na mji wa Kakuma lilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 56 kwa mwaka, na ukahesabu biashara zaidi ya 2,000 ndani ya kambi, zikiwemo za jumla 14. Equity Bank ina tawi huko. Benki haijengi tawi ili kutoa sadaka.

Sasa namna fedha ilivyokuwa ikizunguka, kwani hapa ndipo wafanyabiashara wengi wa bara walipoumia bila kujua wanaumizwa na nini. Mwaka 2015 WFP ilianzisha utaratibu ulioitwa Bamba Chakula. Badala ya kugawa magunia pekee, sehemu ya msaada ilitumwa kwa njia ya simu, na mkimbizi akaitumia kununua chakula katika maduka yaliyosajiliwa. Baadaye Kalobeyei ikahamia kwenye fedha taslimu zinazopitia benki, ambazo mtu aliweza kuzitumia katika duka lolote. Kwa biashara hilo lilikuwa jambo jema. Duka liliuza kila mwezi, na mwenye duka aliijua tarehe ambayo fedha zingeingia.

Lakini fedha ziliingia mara moja kwa mwezi, na tumbo halingoji mwisho wa mwezi. Wenye maduka wakaanza kukopesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia kaya za Kalobeyei walikuta madeni ya dukani yameenea mno, na kwamba baadhi ya wenye maduka walishika kadi za benki za wateja wao kama dhamana. Mteja alidaiwa na duka, duka likadaiwa na muuzaji wa jumla wa kambini, naye muuzaji wa jumla akadaiwa na ghala la Kitale au Eldoret. Mnyororo wote ulifungwa kwenye kigingi kimoja, yaani fedha za WFP, na WFP nayo hutegemea serikali za wafadhili. Januari 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake ya nje. Kadi ya benki iliyoshikwa kama dhamana ikabaki kuwa kipande cha plastiki.

Ingekuwa vyepesi kuishia hapo na kuilaumu Washington. Lakini mji wa kawaida ukipoteza mwajiri wake mkubwa, watu hutoka. Fundi huhamia mji mwingine, mwalimu hutafuta shule nyingine, mchuuzi huvuka kaunti, na fedha hurudi nyumbani kwa simu. Deni la dukani hulipwa polepole, lakini hulipwa. Mkimbizi wa Kakuma hawezi kufanya hivyo bila hati ya kutoka kambini. Akikutwa barabarani bila hati hiyo, yuko matatani.

Historia ya sheria zetu katika jambo hili si ya kujivunia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimtambua mkimbizi lakini ikamweka kambini. Mwaka 2014 sheria ya usalama ilijaribu kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 katika nchi nzima, na Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho Februari 2015. Mwaka huohuo wa 2014 msako wa polisi mtaani Eastleigh, Nairobi, uliwakusanya maelfu ya watu, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab. Mahakama ikazuia mwaka uliofuata. Machi 2021 Wizara ya Mambo ya Ndani iliwapa UNHCR siku 14 kuandaa mpango wa kufunga kambi zote mbili, kisha tarehe ikasogezwa hadi Juni 2022, nayo ikapita kambi zikiwa wazi.

Mwekezaji anazisoma habari hizi kama anavyosoma bei za hisa. Nani atajenga ghala la mawe mahali ambapo serikali imetangaza mara mbili kwamba patafungwa? Ndiyo maana Kakuma, baada ya miaka zaidi ya thelathini, bado ina maduka mengi ya mabati, na mali nyingi huuzwa haraka ili fedha itoke.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilikuja kugeuza mwelekeo. Rais Uhuru Kenyatta aliitia saini Novemba 2021, nayo ikaanza kutumika Februari 2022. Kifungu cha 28 ndicho kinachopaswa kusomwa na kila mwenye kuuza Kakuma au Dadaab. Kinasema mkimbizi ana haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, au kufanya kazi ya taaluma yake ikiwa ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka zinazohusika. Kinaitaka serikali kuu na ya kaunti zimrahisishie kupata hati anazohitaji ili achangie uchumi. Ni lugha nzuri, na kwa nchi iliyokuwa ikihesabu siku 14 miezi minane tu kabla yake, ni mapinduzi.

Haki iliyo kwenye kitabu cha sheria hata hivyo haipokelewi dukani wala benki. Benki na mwajiri wanataka kibali. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, vibali vya kufanya kazi vimegawanywa kwa herufi. Mgeni anayetaka kufanya biashara huomba Daraja G, na hutakiwa kuonyesha mtaji wa angalau dola 100,000. Mgeni aliyeajiriwa huomba Daraja D. Mkimbizi amewekewa Daraja M, ambalo halina ada. Kwa hiyo si fedha inayomkwamisha. Anakwamishwa na safari ya karatasi yenyewe: barua ya mwajiri, pendekezo la idara ya wakimbizi, uchunguzi, kisha uamuzi wa Idara ya Uhamiaji. Mwajiri wa Eldoret anayehitaji fundi wa kushona leo hatangoja miezi kwa ajili ya mtu ambaye hajui kama ataruhusiwa. Atamwajiri mwingine. Vibali vilivyotoka ni vichache mno vikilinganishwa na watu zaidi ya laki nane walioandikishwa nchini kama wakimbizi au waomba hifadhi.

Tazama sasa duka moja la Kakuma, la aina inayojulikana na kila dereva wa lori la njia ile. Mwenye duka ni mkimbizi. Kaunti ya Turkana humtoza leseni ya biashara kama inavyomtoza Mkenya wa mjini, naye hulipa. Ana mizani, ana daftari, ana wateja. Lakini hawezi kupanda gari leo kwenda Kitale kukagua maharagwe anayoyanunua, kupatana bei, na kurudi kesho. Anahitaji hati ya kutoka, na hati hutolewa kwa sababu maalum na kwa siku maalum. Kwa hiyo hununua kwa simu kupitia dalali, na dalali huongeza chake. Serikali imekubali kodi ya duka lakini haijakubali miguu ya mwenye duka.

Hapa pana jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatapenda lisemwe. Faida ya dalali huyo, ambaye mara nyingi ni Mkenya, imetokana na kufungwa kwa barabara. Mkimbizi akiruhusiwa kwenda Kitale mwenyewe, dalali atapunguziwa mapato. Wako wanaoogopa hivyo, na wanayo sababu.

Lakini wapige hesabu hadi mwisho. Chukua mfano wa kubuni tu. Dalali anaongeza shilingi 300 kwa kila gunia la maharagwe, na anapeleka magunia 20 kwa mwezi kwa duka moja. Anapata shilingi 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Tuseme amelipeleka gunia kwa mkopo, na gharama yake ni shilingi 9,000. Mwezi mmoja wa mzigo usiolipwa ni shilingi 180,000, yaani ushuru wake wa miaka miwili na nusu umekwenda. Barabara iliyofungwa humpa dalali shilingi 300 kwa gunia, kisha inamfungia pamoja na mteja asiye na njia ya kulipa msaada unapokatika. Anayekopesha soko la aina hiyo amejiwekea hatari ambayo haikuandikwa kwenye risiti.

Ipo njia nyingine ndani ya sheria hiyo hiyo ya 2021, nayo haijazungumzwa vya kutosha. Mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kwa hiari kuachia hadhi ya ukimbizi na kuingia katika haki za Soko la Pamoja. Sheria ilipopitishwa njia hii iliwahusu watu wachache zaidi. Tangu hapo Kongo imejiunga mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha kujiunga Machi 2024. Sudan Kusini ilikuwa imeingia tangu 2016. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wakimbizi wote wa Kenya sasa ni raia wa nchi wanachama.

Kwenye karatasi huo ni mlango mpana. Kwa mtu mwenyewe ni biashara ya hatari. Hadhi ya ukimbizi ndiyo inayoizuia serikali kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Akiiachia ili apate kufungua duka Nakuru, anauza mwavuli ili anunue viatu, na mawingu ya Juba na Goma hayajatulia. Mama mwenye watoto watano hataufanya uamuzi huo kwa sababu ya mkopo wa benki, na hakuna wa kumlaumu. Aidha Waethiopia, ambao kati yao wako baadhi ya wauzaji wa jumla wakubwa wa Kakuma, hawamo kwenye mlango huo kabisa, kwani Ethiopia si mwanachama. Njia ya Jumuiya itawafaa wachache waliokwisha kutulia. Walio wengi njia yao ni Daraja M na hati ya kusafiri.

Wanaopinga kulegezwa kwa masharti wana hoja mbili, na zote zastahili jibu. Moja ni ya usalama. Kenya imeshambuliwa, na watu wamekufa Westgate na Garissa. Lakini mtu mwenye kibali chenye picha, alama za vidole, namba ya kodi na akaunti ya benki anajulikana zaidi kuliko anayepenya usiku kwa kuhonga. Hoja ya pili ni kwamba wakimbizi watawanyang'anya wenyeji kazi. Benki ya Dunia ilitazama jambo hilo Turkana na mwaka 2016 ikakadiria kwamba kuwapo kwa wakimbizi kuliongeza pato la eneo hilo kwa zaidi ya asilimia 3, na ajira nayo ikapanda. Wastani huo hata hivyo hauwagusi wote sawa. Mfugaji wa Turkana anayeuza mbuzi na kuni kambini hufaidika. Kijana wa Turkana anayetafuta kibarua kilekile anachokitafuta mkimbizi anaweza kuumia. Kwa sababu hiyo huruma haitoshi. Leseni, masoko na mikopo inayoletwa kwa jina la wakimbizi lazima imfikie mwenyeji pia, la sivyo hoja hii itashindwa uchaguzini.

Majirani wametoa mafunzo ya pande zote mbili. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, ilimpa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kwenda atakako, na mara nyingi kipande cha ardhi. Hilo halikuifanya Uganda iepuke maumivu, kwani mgao wa WFP umekatwa huko pia na watu wamepata njaa. Anayesema kibali pekee kitamlisha mtu anadanganya. Tofauti ni kwamba mfanyabiashara mkimbizi wa Kampala au Arua anaweza kufuata mzigo wake mwenyewe. Tanzania kwa upande wake ilisimamisha mwaka 2017 mpango wa WFP wa fedha taslimu katika kambi ya Nyarugusu, na baadaye ikafunga masoko ya pamoja ambako wenyeji wa Kigoma waliuza na kununua na wakimbizi. Mkulima wa mhogo wa Kasulu alipoteza mteja bila yeye kukosa lolote.

Kenya ilizindua Mpango wa Shirika tarehe 28 Machi 2025. Rais William Ruto aliueleza kuwa utazigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa miji ya kawaida, yenye wenyeji na wakimbizi wakihudumiwa na shule, hospitali na manispaa zilezile, kwa hatua zitakazofika hadi mwaka 2035. Nia ni njema. Tatizo ni kalenda: mpango unaotegemea mamia ya mamilioni ya dola kutoka nje ulizinduliwa miezi miwili baada ya mfadhili mkubwa kufunga mkoba. Barabara, mabomba na madarasa yatasubiri fedha. Wakosoaji wanasema mpango wote utasubiri, na huenda wana haki kwa sehemu kubwa.

Kibali cha Daraja M, lakini, hakihitaji mfadhili. Kinahitaji afisa, mtambo wa kuchapisha, na agizo kwamba ombi lililokamilika lijibiwe ndani ya siku zinazojulikana. Hati ya kusafiri kibiashara, ya miezi sita au mwaka, kwa mwenye leseni halali ya kaunti, haihitaji hata senti moja kutoka Geneva. Ofisi ya uhamiaji ya kudumu Kakuma na nyingine Dadaab zingemwokoa mwombaji safari ambayo haruhusiwi kuifanya. Katika mambo yote yaliyo ndani ya mpango huo, haya ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo yanayogusa mauzo moja kwa moja. Serikali inayolalamika kwamba wafadhili wamepunguza fedha huku ikichelewesha karatasi zilizo mikononi mwake inajidhoofishia hoja.

Vyama vya wafanyabiashara vya Trans Nzoia, Uasin Gishu na Turkana navyo vimekaa kimya mno. Ushuru wa sukari ukipanda hutuma wajumbe Nairobi wiki hiyohiyo. Kuhusu vibali vya wateja wao wenyewe, suala limeachiwa mawakili wa haki za binadamu, kana kwamba deni lililokwama Kakuma ni la mawakili hao.

Kwa wakati huu, anayeuza huko kwa mkopo na apange upya daftari lake. Kabla ya kumpa mteja mzigo, aulize ni sehemu gani ya mauzo ya duka lile inatoka kwa kaya zinazopewa msaada, na ni sehemu gani inatoka kwa waajiriwa wa mashirika, walimu, madereva, wenyeji wa mji na fedha zinazotumwa na ndugu walio ng'ambo. Duka lenye wateja wa namna ya pili linaweza kukopeshwa siku thelathini. Lenye wateja wa namna ya kwanza liuziwe taslimu, au kwa mizigo midogo ya kila wiki hata kama gharama ya lori itapanda kidogo. Mwenye Daraja M, leseni ya kaunti na akaunti ya benki kwa jina lake apewe masharti bora kuliko asiye nayo. Mteja akijua kwamba karatasi hushusha bei ya mkopo, ataitafuta kwa bidii zaidi. Na mwekezaji mdogo anayefikiria kuingia ubia wa ghala au chumba cha baridi Kakuma asitie saini ya miaka mingi hadi aone vibali vikitoka kwa mamia, maana awamu ya kwanza ya Mpango wa Shirika inaishia mwaka 2027.